BARAZA YA MWALIMU: Kiinua Mgongo cha Mchungaji



Kila mwaka kitabu chetu hiki kinapokaribia kupigwa chapa, mhariri huniachia kurasa mbili tatu nizungumze nipendalo. Nimekwisha kusema habari za harusi zetu, za majina ya watoto, na za Kiswahili kinachopotea jikoni. Mwaka huu nataka tuvuke barabara, tubishe hodi kwa majirani. Nitasema habari za mchungaji wa Kibaptisti, marehemu Gardner Taylor wa kanisa la Concord, Brooklyn, na namna yeye na watu wake walivyotunzana kwa miaka 42.

Atakayeuliza, "Mwalimu, wewe na Wabaptisti wapi na wapi?" nitamjibu kwamba sababu ninayo. Mwalimu wetu wa chuo, ambaye watoto wa nusu ya familia zilizomo kitabuni humu wamepita mikononi mwake, ametuarifu kwamba mwaka huu wa masomo ukisha anapumzika. Amefundisha miaka ishirini na tatu, kila Jumamosi na Jumapili, katika kumbi za kukodi, theluji ikianguka na jua likiwaka. Kamati imekutana mara mbili juu ya kumuaga. Mpaka naandika haya, yaliyokubaliwa ni matatu: ngao ya mbao yenye maandishi ya dhahabu, joho, na biriani. Na biriani sina ugomvi nalo. Lakini nilipotoka mkutanoni nilijiona nina neno la kusema, na neno lenyewe nimelipata kwa wale majirani.

Kwanza tufahamiane juu ya Wabaptisti, maana kwetu si watu wa zamani sana. Wamisionari wao wa kutoka kusini mwa Marekani walifika Tanganyika na Kenya mwaka 1956, ingawa huko Kongo wenzao wa Kiingereza walitangulia tangu karne ya kumi na tisa. Sisi wa pwani tulikulia tukiwajua Wakatoliki, Waanglikana na Waluteri, na tulidhani kila kanisa lina askofu wake. Kwa Wabaptisti sivyo. Hakuna mkubwa aliye juu ya kanisa. Kila kanisa hujitawala. Waumini wenyewe humtafuta mchungaji, humwita aje ahubiri wamsikie, kisha humpigia kura. Na hao hao waliomwita kwa kura wanaweza kumtoa kwa kura. Kwa hiyo ukisikia mchungaji wa Kibaptisti amekaa mahali pamoja miaka 42, usidhani aliwekwa na mtu wa mbali akasahauliwa hapo. Watu waliokuwa na ruhusa ya kumfukuza hawakumfukuza.

Gardner Calvin Taylor alizaliwa tarehe 18 Juni 1918 mjini Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana. Ni mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Baba yake naye alikuwa mchungaji, akafariki mtoto angali mdogo, akabaki kulelewa na mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule. Sisi walimu tuna desturi ya kujitafutia nafasi katika kila habari njema, basi na hii tumeipata.

Kijana mwenyewe hakutaka uchungaji. Alitaka uwakili, na alikwisha kukubaliwa kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1937 alikuwa akiendesha gari la mkuu wa chuo chake huko Louisiana, gari jingine likakata njia mbele yake, wakagongana. Waliokuwa katika gari lile ni Wazungu wawili, na ajali ile iliua. Louisiana ya miaka hiyo, kijana mweusi aliyehusika na kifo cha Mzungu hakuwa na hakika ya kuiona kesho yake. Lakini Wazungu walioshuhudia walisimama wakasema kweli, kwamba kosa si lake, akaachwa aende zake. Ndipo alipogeuza njia. Badala ya Michigan akaenda Oberlin, Ohio, kusomea dini, akamaliza mwaka 1940, mwaka huo huo akamwoa Bibi Laura Scott. Akachunga makanisa ya huko Ohio na Louisiana, na mwaka 1948 watu wa Concord wakamwita Brooklyn. Alikuwa na miaka 30 tu. Kanisa lenyewe lilikuwa limeasisiwa mwaka 1847, miaka mingi kabla watumwa wa nchi hii hawajaachwa huru.

Wale waliopata kuishi Bedford-Stuyvesant wanalijua jengo la Concord, pale Marcy Avenue. Jengo hilo silo alilolikuta. Alilolikuta liliungua mwezi Oktoba 1952, naye ana miaka minne tu tangu kuwasili. Fikirini kijana mgeni, jengo limekuwa majivu, na watu wake wengi ni watu wa mshahara mdogo. Walijenga upya, wakaingia mwaka 1956, na gharama ilipita dola milioni moja za wakati ule, dola milioni ikiwa bado ni milioni. Walikuja watu wengi kumsikia, hata waumini wakapita elfu kumi, likawa miongoni mwa makanisa makubwa ya Waprotestanti nchini. Alikuwa na sauti nzito na mwendo wa polepole, akiliacha neno litue ndipo alifuatishe la pili. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas kilimhesabu miongoni mwa wahubiri kumi na wawili bora wa dunia ya Kiingereza, na mwaka 2000 Rais Clinton alimvika Nishani ya Uhuru ya Rais, ambayo ndiyo kubwa kabisa anayoweza kupewa raia wa nchi hii.

Lakini nishani si habari yangu. Ukitaka kujua kazi ya mtu wa dini, usisikilize mimbari peke yake, tembea mtaani kwake uone kilichobaki. Concord ilianzisha shule ya msingi mwaka 1960. Ikaanzisha nyumba ya kutunzia wazee. Ikaanzisha chama cha akiba na mikopo, kwa watu ambao benki zilikuwa zikiwafungia mlango. Ikaweka mfuko wa dola milioni moja, faida yake ikatumika kusaidia mambo ya mtaa, hata ya watu wasio waumini wake. Mwenyewe mwaka 1958 aliingia katika Bodi ya Elimu ya mji wa New York, na kiangazi cha mwaka 1963 alikamatwa na polisi pamoja na wachungaji wenzake, walipoandamana kudai weusi nao wapewe kazi katika ujenzi wa hospitali ya Downstate, hapo hapo Brooklyn.

Ile shule iliongozwa na mkewe, Bibi Laura, kwa miaka 32, bila mshahara. Hapa na majirani nitawauliza. Mchungaji alilipwa, akapewa nishani, na sehemu ya Marcy Avenue ikaitwa kwa jina lake. Mke akafundisha miaka 32 bila senti, na kumtaja ni mpaka uulizie. Bibi huyo alifariki mwaka 1995, akigongwa na gari akivuka barabara Brooklyn. Kabla hatujawacheka wenzetu, tujiulize mke wa mwalimu wetu aliyekuwa akifagia ukumbi, akifunga vitambaa watoto wa kike na kuwapa chai wale ambao baba zao wamechelewa kuwachukua, jina lake litaandikwa wapi katika ngao ile.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo hunipendeza, kwa kuwa watu wa vyama mtalielewa. Wabaptisti weusi walikuwa na chama chao kikubwa cha nchi nzima, na rais wake, mchungaji J. H. Jackson, alikuwa kitini tangu mwaka 1953. Wenzake wakagombana naye kwa mawili: alikuwa mzito katika harakati za haki za weusi, za akina Martin Luther King, na hakutaka kiti kiwekewe mwisho. Mwaka 1961, mjini Kansas City, Taylor akasimama kugombea, akashindwa. Mwezi Novemba mwaka ule wale waliotoka wakaunda chama chao kipya huko Cincinnati, na King akawa pamoja nao. Jackson yeye alibaki kitini mpaka mwaka 1982. Taylor alikuja kuwa rais wa kile chama kipya tangu 1967 hata 1969, miaka miwili, akampisha mwingine. Mtu ataona ajabu: aliyepigania muda wa rais uwe na mwisho, mwenyewe amekaa kanisani miaka 42! Mimi sioni ajabu. Rais wa chama huonekana na wajumbe mara moja kwa mwaka, mkutanoni, na amezungukwa na wapambe. Mchungaji huonekana kila Jumapili na watu wanaomjua mpaka kikohozi chake. Muda wa yule unahitaji sheria; muda wa huyu unajipima wenyewe kila juma.

Sasa nije kwenye kuenzi. Wamarekani weusi wa Kibaptisti wana sikukuu ambayo sisi hatuna, nayo ni siku ya mwaka wa mchungaji. Kila mwaka, tarehe aliyoingia kanisani ikizunguka, waumini humfanyia shangwe. Nimealikwa mara moja na jirani, katika kanisa jingine, si Concord, nikakaa safu ya nyuma na kofia yangu mapajani. Makanisa rafiki huja na wachungaji wao na kwaya zao, na mwaka ujao hurudishiwa ziara yao. Ni kama kwetu maulidi ya kualikana vijiji. Husimama mtoto akasoma aliyoyaandika, husimama kijana akasema mchungaji alivyomtoa jela, husimama bibi wa miaka themanini aliyevaa nyeupe tupu, na huyo akisema watu hulia. Kisha hupita sadaka maalumu ya mchungaji, halafu chakula chini ya jengo, kuku wa kukaanga, mboga na keki.

Na hupigwa chapa kitabu! Familia hununua ukurasa mzima, nusu au robo, wakaweka picha ya baba na mama na salamu zao. Kinyozi hununua, muuza maua hununua, na mwenye kampuni ya mazishi hununua ukurasa wa jalada la nyuma, maana yeye anajua wateja wake watatoka wapi. Nilipokifungua nilicheka peke yangu. Ni kitabu chetu hiki hiki, ila chetu hakimwandiki mtu hata afe. Hebu rudini nyuma mkatazame vitabu vyetu vya miaka iliyopita: kurasa zote za kuwasifu watu ni za tanzia.

Sikukuu hiyo ina asili yake. Makanisa mengi yalikuwa maskini, mshahara wa mchungaji ulikuwa mdogo na wakati mwingine haukufika, basi sadaka ya siku ile ilikuwa ni sehemu ya riziki yake ya mwaka. Zipo pia zilizochupa mipaka. Unasikia mchungaji ananunuliwa gari la fahari na waumini wanapanda basi, au anawekewa kiti kama cha sultani. Haya siyataki na wala siyaombei yatufikie.

Ninalolitaka ni hili. Taylor alistaafu mwaka 1990, akiwa na miaka 72. Kanisa likampa cheo cha mchungaji wa heshima, likamwita kijana, Gary Simpson, akapanda mimbari. Na baada ya kustaafu mzee aliishi miaka ishirini na mitano zaidi! Alikufa Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 2015, huko North Carolina, akiwa na miaka 96. Miaka 25 ni umri wa mtu kuzaliwa, kusoma na kuoa. Hauishi miaka 25 kwa ngao ya mbao.

Wabaptisti hili walilifahamu mapema. Tangu mwaka 1911 wale wa kaskazini mwa nchi hii waliunda bodi yao, makao yake New York, ya kuwawekea akiba wachungaji na wamisionari wa uzeeni, na wajane wao. Kanisa huchangia mtumishi angali kazini, kidogo kidogo, fedha zikazaa. Halingoji apate shida ndipo lipitishe kapu.

Sisi kwetu mwalimu wa chuo hakuwa na mshahara, lakini msije mkasema hakuwa na kitu. Palikuwa na senti za Alhamisi alizopeleka kila mtoto. Mtoto akihitimu, wazazi walitoa nguo na chakula. Fitri ilimfikia. Sisi wenyewe tulimchotea maji na kumpalilia shamba, tukidhani ni adhabu, kumbe ndiyo ada. Na akizeeka alikuwa na nyumba yake, ana minazi yake, ana wanawe na wanafunzi wake mlango wa pili. Huku mtu hana mnazi. Ana kodi ya nyumba tarehe mosi, ana dawa za sukari, na wanawe wako miji mitatu mbalimbali.

Tena kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Ili upate pensheni ya uzeeni ya Social Security kwa jasho lako mwenyewe, unahitaji alama 40 za kazi, na mwaka mmoja hauwezi kukupa zaidi ya alama nne. Ndiyo kusema miaka kumi ya kazi iliyoandikwa na kulipiwa kodi. Sisi mwalimu tumempa bahasha. Bahasha ya mwisho wa mwezi, bahasha ya Ramadhani, bahasha ya Idi, kwa mapenzi yote na bila ya risiti. Miaka ishirini na mitatu ya bahasha haimpi alama hata moja. Bahati yake, na yetu, ni kwamba aliendesha teksi siku za juma kwa miaka kadhaa. Atakayemrithi huenda asiwe na teksi. Basi chama kimwajiri kwa maandishi. Akiwa imamu anayetambuliwa, sheria ya nchi humhesabu kwa kodi hii kama aliyejiajiri, alipe mwenyewe, nasi tumwongezee cha kulipia. Akiwa mwalimu tu, yaelekea ni mfanyakazi wa kawaida, na hapo wajibu wa kukata na kuchangia ni wa chama. Tumlipe mtu wa hesabu saa mbili atuandikie sawasawa. Tunamlipa mpiga picha wa harusi saa nane.

Yupo mzee wangu mmoja katika kamati, namheshimu, alisema kwamba kufundisha Qur'ani ni ibada, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Kweli uko. Lakini madhehebu yetu ya Shafi yameruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani. Waliokataza ni Mahanafi wa mwanzo, na hata wao waliokuja nyuma waliruhusu, walipoona walimu hawapati tena kitu katika hazina ya dola na vyuo vitafungwa. Wanazuoni wale waliitazama njaa ya mwalimu wakaifanyia hukumu. Nasi tuitazame.

Ndugu zetu Wakristo wa Bara na wa Kongo mliomo kitabuni, mtaniwia radhi nikisema mambo ya chuo kirefu. Nanyi mna wachungaji wenu wanaohubiri kwa Kiswahili alasiri, katika makanisa ya kuazima, baada ya kufanya kazi ghalani usiku kucha. Hesabu ya alama 40 haiulizi dini.

Nimependekeza kwa kamati mambo yafuatayo, na yataletwa kwenye mkutano mkuu, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Ngao ibaki, na iandikwe majina mawili, la bwana na la bibi. Joho libaki. Biriani libaki. Ila kila familia iahidi kiasi cha kila mwezi, hata kiwe dola tano, kwa maisha ya mwalimu, na baada yake kwa maisha ya bibi. Na kitabu cha mwaka ujao kifungue kurasa za salamu kwake, familia zinunue kama wanavyonunua wale majirani, mapato yaingie katika mfuko huo. Kinyozi wetu wa Fulton Street amekwisha kusema atachukua nusu ukurasa.

Daftari la ahadi analo mweka hazina. Nimeandika langu mstari wa kwanza. La pili limeandikwa na yule mzee wa kamati.